Shangazi, niuze kiwanja binti akasomee unesi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Singida mjini. Baba yao alifariki mwaka 2021. Binti yangu mkubwa kamaliza kidato cha nne na divisheni ya tatu: Biolojia C, Kemia D, Fizikia D. Huyu mtoto hana wimbo mwingine zaidi ya unesi. Baba yake alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa akishinda naye wodini, na nesi mmoja alimfundisha namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Tangu hapo ukimwambia habari ya ualimu au uhasibu anakuitikia tu kwa adabu.

Tuliomba vyuo vitatu. Viwili vya serikali, kimoja Dar es Salaam na kingine Dodoma, kwa sababu tuliambiwa ndivyo vyenye jina. Vyote hakupata. Cha tatu ni cha binafsi, kiko mkoa mwingine, na hicho kimemchukua: diploma ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Anatakiwa kuripoti Oktoba. Ada ni 1,650,000 kwa mwaka. Nimepiga hesabu, kwa miaka mitatu ni milioni tano kasoro elfu hamsini.

Cherehani zangu ni mbili. Zinatupa kula na kodi ya fremu, na msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, napumua kidogo. Niko kwenye VICOBA, na tukivunja mwishoni mwa mwaka natoka na kama laki sita hivi. Zaidi ya hapo kuna kiwanja alichoacha marehemu, ishirini kwa thelathini na tano, kina msingi tu.

Sasa shemeji yangu kaleta mtu anayekitaka kiwanja kwa milioni sita taslimu. Ananiambia, "Shemeji, kiwanja ni udongo tu. Uza, mtoto asome, chenji itakayobaki ufungue duka." Huyo mnunuzi anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Jirani yangu naye kanionyesha ofisi moja karibu na stendi wanaotoa milioni moja siku hiyo hiyo, unarudisha 1,300,000 ndani ya mwezi. Dhamana ni cherehani zangu.

Binti alitusikia tukiongea. Usiku akaja kitandani kwangu akasema, "Mama, acha tu. Nitaenda Dar nifanye kazi za ndani, nijisomeshe mwenyewe." Shangazi, sikupata usingizi.

Wadogo zake wawili ni wa kiume, mmoja kidato cha pili, mwingine darasa la sita. Na hii Bodi ya Mikopo, wengine wanasema siku hizi hata wa diploma wanapata, wengine wanasema ni ya chuo kikuu peke yake. Nimekupigia picha fomu yote ya kujiunga, kurasa sita. Niuze? Nikope? Au nimwambie mtoto asubiri?

Mama wa watoto watatu, Singida

*

Marahaba mwanangu. Poleni na baba.

Fomu nimeisoma yote, mpaka ukurasa wa sita, ambao nadhani wewe hukuufikia, au uliufikia ukaufunga haraka. Wewe umeishia ukurasa wa pili, penye ada. Vaa miwani yako ya kutungia uzi, twende pamoja ukurasa wa nne.

Hosteli 300,000 kwa mwaka, na wameandika kwa herufi ndogo "bila chakula". Mitihani ya wizara 150,000. Bima ya afya 50,400. NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, 15,000. Kitambulisho 10,000. Sare 180,000. Ukijumlisha na ada, chuo kinataka 2,355,400 mwaka wa kwanza. Ukurasa wa sita ni vile anavyotakiwa kwenda navyo: stethoskopu, mashine ya kupima presha, kipimajoto, saa, viatu vyeupe, rimu mbili za karatasi. Hapo weka 150,000, na ununue bila pupa. Chakula je? Tuseme anapika na wenzake kwa shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 280 za masomo ni 840,000. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, kwa 45,000 kila safari, ni 180,000.

Mwaka wa kwanza umefika 3,525,400. Miaka miwili inayofuata, ukitoa sare, kitambulisho na vifaa, kila mmoja ni 3,185,400. Jumla ya miaka mitatu ni 9,896,200, na hapo sijagusa nauli za kwenda mafunzo kwa vitendo wala sabuni. Ile milioni tano uliyoipiga wewe ni nusu ya safari.

Turudi kwenye kiwanja. Ukiuza milioni sita, mwaka wa kwanza ukapita, mkononi zinabaki 2,474,600. Mwaka wa pili unahitaji 3,185,400. Umepungukiwa laki saba na ushee, mwaka wa tatu haujaonekana, na kiwanja hakipo. Hiyo chenji ya kufungua duka shemeji kaiona wapi?

Barua za namna yako napata nyingi, mwanangu, na zinazoniumiza haziji Septemba, zinakuja mwaka wa pili, muhula wa pili. Mtoto kashavaa sare, kashaingia wodini, kashashika mgonjwa, halafu jina lake linabandikwa ubaoni kwamba hataingia chumba cha mtihani hadi amalize deni. Mwaka wa kwanza watu huchangishana, huuza ng'ombe, hufanya sherehe. Wa pili kila mtu ana shida zake.

Kuna jambo jingine kuhusu hicho kiwanja ambalo hukuliandika, nami naliuliza: mirathi ilifunguliwa? Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hicho kiwanja hakina wa kukiuza, si wewe wala shemeji. Nenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, uanzishe shauri. Ukisaini karatasi za mauziano bila hiyo hatua, siku wanao wa kiume watakapokua wakauliza, utakayekaa kizimbani ni wewe. Mnunuzi anayetaka jibu kabla ya mwezi kwisha anajua kwa nini ana haraka. Sisemi shemeji ana nia mbaya. Nasema mwambie kiwanja kinasubiri mahakama, kisha umuulize kwa upole yeye binafsi atachangia shilingi ngapi kwa mwaka.

Ofisi ya karibu na stendi hiyo sina haja ya kuijua kwa jina. Ni kausha damu. Laki tatu juu ya milioni moja kwa mwezi mmoja! Ukishindwa mwezi wa kwanza ukalipa riba tu, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, umeshatoa laki tisa na milioni yao bado iko palepale. Na dhamana ni cherehani, yaani wanakushikia kitu kile kile ambacho kingekupa pesa ya kuwalipa. Usipite hata njia ile.

Sasa Bodi ya Mikopo. Waliokuambia diploma wanapata hawajakudanganya, na waliokuambia ni ya chuo kikuu wamebaki nyuma kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi, ile HESLB, imeanza kukopesha na wa stashahada, lakini si kila kozi. Inatoa orodha ya fani za kipaumbele, na upande wa afya orodha ya kwanza ilitaja fani kwa majina, kama fiziotherapia, optometria na utabibu wa meno. Kwa hiyo kuona neno "afya" kwenye tangazo hakutoshi. Fungua mwongozo wa mwaka husika, tafuta uuguzi na ukunga kwa jina lake kamili. Usipouona, usiilipe ile 30,000 ya maombi kwa matumaini. Na hata ukiuona, Bodi hupima uwezo wa familia, mtu anaweza kupewa sehemu tu. Usiuhesabu mkopo mpaka jina litoke.

Nyaraka anza kuandaa leo hata kama ni kwa ajili ya mwakani. Mtoto aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuthibitisha, na uthibitisho ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo. Kibali cha mazishi mnachohifadhi kwenye Biblia au Msahafu hakitoshi. Nakuomba ulisikie hili kwa masikio mawili, maana nimeona watoto yatima kabisa wakikosa kwa ajili ya karatasi hiyo moja. Angalia pia majina: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho chako cha NIDA visomeke sawasawa. Kama kaya yenu iko TASAF, mseme, inasaidia. Deni lenyewe halitishi sana. Akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikivimbisha madeni iliondolewa mwaka 2021.

Lakini mimi nisingeanzia kwenye mkopo, ningeanzia kwenye chuo.

Mliomba Dar na Dodoma kwa sababu ya jina. Huko ndiko kila mtoto wa nchi hii anakoomba, na mwenye D mbili anasukumwa pembeni na wenye B. Mwanao sifa anazo, masomo yote matatu ya lazima kayapata. Alichokosa ni kuomba mahali penye nafasi. NACTVET hutoa mwongozo wa udahili wenye kila chuo, ada yake na namba ya usajili, na vya afya namba yake ina herufi HAS. Ufungue, uende moja kwa moja mkoa wa Singida. Kuna vyuo vya uuguzi huko kwenu, mwanangu! Ada ya vyuo vya serikali inacheza kwenye milioni moja na laki moja na kitu.

Tufanye hesabu ya mtoto anayelala nyumbani. Ada tuseme 1,150,000, mitihani 150,000, bima 50,400, NACTVET 15,000. Ni 1,365,400. Hosteli hakuna, chakula ni kile kile cha sufuria yako, nauli ni ya daladala. Miaka mitatu ni 4,096,200, ukiongeza sare, vifaa na daladala unafika kwenye milioni tano zako ulizopiga mwanzo. Kumbe hesabu yako haikuwa mbaya, ila ulikuwa unaipigia chuo kingine.

Udahili huwa na awamu zaidi ya moja, na vipo vyuo vinavyopokea tena Machi. Kama dirisha bado liko wazi, aombe leo, aweke vya mkoani kwanza. Kama limefungwa, basi ndiyo, asubiri mwaka. Najua neno hilo linakuchoma. Ila mwaka mmoja nyumbani ni nafuu kuliko mwaka mmoja na nusu chuoni halafu arudi na begi.

Na akisubiri asikae. Cherehani mbili, fundi mmoja: ya pili anaikalia nani? Mkalishe hapo, Desemba hiyo hiyo, ashone sketi za shule, na kila sketi atakayoshona fungu lake liende kwenye kibubu chake. Mwambie kwa maneno yangu kwamba habari ya kazi za ndani Dar aiache. Nimewauguza mabinti waliokwenda kutafuta ada kwa njia hiyo. Sitaki kuandika zaidi.

Pesa ya mwaka haitoki siku moja, hivyo usiiandae kama ya siku moja. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, wengine mbili kila muhula. Andika barua ya kuomba hilo kabla ya kuripoti, upewe jibu la maandishi, ukiacha mpaka deni limekua hakuna atakayekusikiliza. VICOBA mkivunja Desemba, laki sita na faida ya sare za Januari ndizo zinazofungua muhula wa pili. Ule wa kwanza, Oktoba, ndio mgumu kwako kwa sababu hakuna msimu. Hapo ndipo upatu unapofaa: mkianza mzunguko omba zamu yako iangukie Septemba. Wanawake wanaelewana kwenye haya mambo ukisema mapema.

Halmashauri nayo ina mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Mkiwa kikundi, mafundi watano mnaoaminiana, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Lakini huo ni mkopo wa mradi. Nunueni cherehani ya kudarizi, nunueni vitambaa kwa jora kabla ya msimu. Usije ukachukua fungu lako ukalipia ada, maana ada hairudishi marejesho, na wenzako wanne watakuja kugonga mlango wako.

Zipo pia hospitali, hasa za mashirika ya dini, zinazosomesha kijana kwa mkataba kwamba akimaliza atawafanyia kazi miaka kadhaa. Mwambie binti aende na wewe, mkaulize kwa mganga mfawidhi au kwa matroni. Kabla ya kusaini tazama vitu viwili tu: ni miaka mingapi, na akiondoka kabla atarudisha nini. Mkataba wa namna hiyo mimi siuogopi. Binti wa miaka ishirini na moja mwenye kazi ya uhakika, hata kama hakuichagua, ana nafuu kuliko mwenzake anayesubiri nafasi za serikali zitangazwe. Maana nisikufiche, diploma itamtoa na cheo cha Afisa Muuguzi Msaidizi, lakini haiji na barua ya ajira. Kuna kusajiliwa na kupata leseni kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nako kuna gharama zake, kisha kuna kusubiri. Ndiyo sababu sitaki aanze maisha mama akiwa hana kiwanja.

Kulipa: chuo cha serikali ni kwa ile namba ya kumbukumbu ambayo kila mtu anaiita kontrol namba, cha binafsi ni kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Akitokea mtu wa kukutafutia nafasi kwa kutumiwa hela kwenye simu yake, kata simu.

Mimi nilisoma unesi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Serikali ilitulipia kila kitu, hadi sabuni ya kufulia eproni. Kwa hiyo usinione najua sana, ada nimekuja kuijua kwa wanangu. Mkubwa nilimpeleka kama unavyotaka kufanya wewe, kwa kishindo, na mwaka wa pili nikauza jokofu.

Zile 180,000 za sare, bado zinanikera. Wewe ni fundi! Chuo chochote atakachopata, kabla hujalipa, piga simu uulize kama mnaruhusiwa kushona wenyewe kwa kitambaa na mshono wao. Vingine vinakubali. Wakikubali, omba sampuli moja, na ukiona mshono wako umekaa vizuri mabegani, ulizia nani anawashonea wanafunzi wengine.

Mwambie binti nimeisoma ile habari ya kumgeuza baba kitandani. Na siku ya kununua vifaa asidanganywe na saa za kumetameta. Achague ya bei ndogo, ila iwe na mshale wa sekunde. Ataihitaji siku ya kwanza wodini, kuhesabu mapigo ya moyo.

Shangazi